Upande wa Kushoto wa Ndege ya Nairobi

Sogeza kiti, wewe uliyeketi sasa pale kaunta nilipoketi mimi. Ndege ya mchana bado haijafika na abiria wako njiani, kwa hiyo tuna wakati wa kuongea. Nimestaafu. Nguo za kazi nimezirudisha, kitambulisho cha kuingilia nimekirudisha, lakini hakuna aliyeniomba nirudishe nilichofundishwa, basi hicho nakuachia wewe.

Swali utakaloulizwa kuliko mengine yote ni hili: "Kutoka hapa Eldoret mpaka Nairobi kwa ndege ni mbali kiasi gani?" Utaliona rahisi. Hata mimi niliona hivyo siku yangu ya kwanza, na nikalijibu vibaya kabla ya saa nne asubuhi.

Uwanja wetu ulikuwa mpya wakati huo, kuta zikinuka rangi. Nilifika nimevaa sweta ambayo mama yangu aliifuma kwa haraka ili nisionekane mtu wa shamba, na mkono mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwingine. Niliwekwa chini ya mwanamke aliyeitwa Mama Njeri. Alikuwa mjane, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni, na alikuwa anajenga nyumba mtaa wa Kapsoya hapa mjini, chumba kimoja kimoja, kwa ajili yake na binti yake, Njeri. Aliutazama mkono mrefu wa sweta, akaukunja mara mbili, akaniambia, "Sasa uko sawa. Keti."

Mtu wa kwanza kunijia alikuwa mkulima aliyevaa koti zito. Akaniuliza ndege inachukua muda gani. Nikatazama tiketi yake, muda wa kuondoka na muda wa kufika, nikamwambia, "Saa moja, mzee." Uso wake ulibadilika. Akaenda kuketi, akashika magoti yake kwa mikono miwili.

Mama Njeri alingoja awe mbali.

"Jerono, hiyo saa moja umeitoa wapi?"

"Kwenye tiketi."

"Tiketi inaanza kuhesabu vile vizuizi vinapotolewa kwenye magurudumu hapa, na inaacha vinapowekwa tena kule. Hapo katikati kuna kuzunguka chini, kuna kungoja ruhusa, kuna kungoja zamu ya kutua. Angani kwenyewe ni kama dakika arobaini na tano. Huyo mzee alitaka kujua nini?"

"Muda."

"Si muda. Anaogopa. Amekuuliza atakaa juu mpaka lini. Kama angekuwa na mtu wa kumpokea Nairobi, ungemwambia saa moja, na ungekuwa umesema ukweli. Mtu anayeogopa unamwambia dakika arobaini na tano, na huo pia ni ukweli. Muulize kwanza ni kwa nini anauliza."

Nikamfuata yule mzee pale alipoketi. Nilipomwambia dakika arobaini na tano, aliachilia magoti. "Si ungesema hivyo kutoka mwanzo?" akasema. "Hata ibada ya kanisa letu ni ndefu kuliko hiyo."

Hilo lilikuwa somo la kwanza. La pili lilikuwa umbali. Barabara ya kwenda Nairobi ni zaidi ya kilomita mia tatu, kwa sababu barabara inapanda, inashuka, na inawafuata watu walikojenga. Ndege haina mtu wa kumsalimia. Inavuka Bonde la Ufa kwa mstari, na safari inapungua kuwa kama kilomita mia mbili na sitini. Mweleze abiria taratibu, kwa sababu wengi wanafikiri ndege inafuata lami ikiwa juu. Nilikuwa na mzee mmoja aliyeniuliza kama inapitia Nakuru.

"Inapita upande huo, mzee, lakini juu."

"Basi mwambie dereva anishushe hapo."

"Haisimami njiani."

"Hata akiona ni mtu anamjua?"

Somo la tatu ni mizigo. Uwanja wetu uko juu sana na hewa yake ni nyepesi, na jua likiwa kali inakuwa nyepesi zaidi, kwa hiyo ndege hukimbia sana chini kabla ya kuinuka. Ndiyo maana unapima kila kitu, hata kile ambacho mwenyewe anakuapia hakina uzito. Na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, usikiruhusu kikiwa kimejaa mpaka mdomoni. Maziwa yale hufura yakiwa juu. Nimewahi kupokea ndege ambayo abiria wa viti vitatu walishuka wakinuka kama wametoka harusini.

Lakini somo ambalo Mama Njeri alilipenda kuliko yote lilikuwa upepo. Alinitoa nje, akanionyesha ule mfuko mwekundu unaoning'inia kwenye mlingoti. Ulikuwa umejaa, mkia wake ukielekea magharibi.

"Upepo wetu karibu siku zote unatoka mashariki," akasema. "Ndege inayokwenda Nairobi inaukabili, inachelewa kidogo. Inayorudi inasukumwa mgongoni. Umbali ni uleule, ndege ni ileile, lakini kurudi Eldoret ni kufupi kuliko kutoka."

Aliwaambia hivyo hata abiria. Wanafunzi waliokuwa wakiondoka, wanariadha waliokuwa wakienda kukimbia ng'ambo viatu vikining'inia begani, mama waliokuwa wakilia mlangoni. "Usijali. Kurudi ni kufupi."

Na alikuwa na desturi yake. Ndege ikishainuka, alipiga simu kaunta ya Nairobi na kusema neno moja: "Wametoka." Kisha aliketi. Abiria hawako, kazi haipo, chai inapoa kule nyuma, lakini Mama Njeri haondoki kwenye kiti mpaka simu ilie na mtu wa Nairobi aseme, "Wamefika." Ndipo alipovua miwani. Nilimuuliza mara moja kwa nini, maana mnara wa kuongozea ndege una watu wake na wao ndio wanaojua zaidi. Akaniambia, "Mnara unaangalia ndege. Hawa watu ni mimi niliwapokea."

Tulifanya hivyo miaka mingi. Nikaolewa, nikazaa, Njeri akawa msichana mkubwa anayekuja uwanjani baada ya shule kufanyia hesabu zake kwenye mizani ya mizigo.

Kisha ukaja ule uchaguzi, na matokeo yalipotangazwa, mji ukawaka.

Sitakueleza mengi. Wewe ulikuwa mdogo, lakini nyumbani kwenu walikuambia, au walinyamaza kwa namna ambayo ilikuambia. Nitakueleza ya kazini tu. Mimi ni mtu wa hapa Uasin Gishu. Asubuhi ile barabara ya kuja uwanjani ilikuwa na mawe na magogo, na kila palipofungwa vijana waliniuliza jina. Nikilitaja, waliniambia, "Pita, mama." Jina langu lilinifikisha kazini. Nilitembea nikijua kwamba jina la Mama Njeri, jina la watu waliohamia hapa kutoka kwingine, halingemfikisha.

Niliukuta mlango wa ofisi umefungwa na watu wengi wamejaa nje, na watoto, na magodoro. Baada ya muda lori la polisi likaingia, na kutoka nyuma akashuka Mama Njeri, amevaa sare ya kazi na khanga juu, Njeri kamshika mkono. Hakuwa na begi. Alikuwa na funguo za ofisi.

"Mama Njeri! Kwa nini umekuja?"

"Funguo ninazo mimi," akasema. "Mngefunguaje?"

Akafungua, akaketi, akaanza kazi. Nyumba yake ilikuwa imeachwa wazi kule Kapsoya, na wala hatukuitaja. Walilala yeye na Njeri katika chumba cha nyuma, juu ya magunia ya barua. Siku hizo hakuna aliyeuliza ni mbali kiasi gani. Waliuliza kama kuna nafasi. Mama Njeri aliandika majina, wazee na wenye watoto kwanza, na jina lake hakuliandika. Kila ndege ilipoinuka alisema "Wametoka," akaketi, akangoja.

Siku ya tatu, ndege moja ilibaki na viti viwili, na mkubwa wetu akamwambia aende.

"Nani atasema wametoka?" akauliza.

"Mimi nitasema," nikamwambia. "Nenda, dada yangu. Kurudi ni kufupi."

Alinitazama juu ya miwani. Akaweka funguo mkononi mwangu na kuukunja mkono wangu juu yake, kama alivyoukunja ule mkono wa sweta. Wakawa wa mwisho kupanda, wakakaa walipopata. Nikasema "Wametoka." Nikaketi. Sijawahi kuketi vile. Simu ilipolia, sauti haikuwa ya yule kijana wa Nairobi. Alikuwa yeye mwenyewe. Alikuwa ameshuka, akaenda moja kwa moja kaunta, akaomba simu.

"Wamefika," akasema.

"Wote?"

"Wote, Jerono."

Nyumba ya Kapsoya iliungua. Kiwanja baadaye alikiuza bila kukanyaga, na aliyekinunua akajenga. Kampuni ya ndege ilimpa kazi palepale kaunta ya Nairobi, naye akapata nyumba Ruiru, nje kidogo ya jiji. Kuanzia hapo, kila ndege niliyoisindikiza, yeye ndiye aliyeipokea. Mimi nilisema "Wametoka," yeye akasema "Wamefika," na katikati tuliiba maneno machache.

"Mvua?"

"Imeanza jana."

"Mmepanda?"

"Tumepanda. Unakuja lini?"

"Nitakuja."

Miaka ikapita hivyo. Kompyuta zikaja, na kompyuta inajua yenyewe kwamba ndege imefika, kwa hiyo hakukuwa tena na haja ya kupiga simu. Tuliendelea kupiga. Mkubwa mmoja kijana alituuliza ni kwa nini, nikamwambia ni kwa usalama. Niliona ameridhika.

Mimi nilimtembelea Ruiru kwa basi mara kadhaa, saa sita barabarani, kwa sababu, ndiyo, cheka, nilikuwa naogopa ndege. Niliwaambia maelfu ya watu ni dakika arobaini na tano, na hakuna hata moja niliyoijua mwenyewe. Tiketi ya bure ya wafanyakazi niliacha ipite kila mwaka. Nilimpelekea unga wa wimbi na maharagwe, tukaongea mpaka usingizi, na asubuhi nikimuuliza, "Twende pamoja?" alijibu, "Nitakuja."

Alistaafu kabla yangu. Siku iliyofuata nilisema "Wametoka," na kijana wa kule akaniuliza, "Kina nani?"

Nitakuambia ukweli, sikuwa najua mtu anaweza kutamani sauti. Sikutaka maneno yake, kwa maana yalikuwa machache. Nilitaka tu ile pumzi aliyovuta kabla ya kusema wamefika. Nilikaa pale kaunta, upepo unajaza ule mfuko mwekundu kuelekea kwetu kila siku, na wala haukumleta.

Siku moja karibu umlete. Niliona jina lake kwenye orodha ya ndege ya asubuhi. Nilipika, nikasuka nywele, nikaomba mtu ashike zamu yangu. Abiria walishuka wote, mlango ukafungwa, ngazi ikaondolewa. Nilipompigia, alisema tu, "Nilifika mpaka mlangoni. Miguu ilikataa, Jerono." Sikumuuliza zaidi.

Mwaka huu nami nikastaafu. Nikaona ni aibu kuondoka na tiketi ile bila kuitumia hata mara moja. Nikapanda. Nilikaa upande wa kushoto dirishani, nikashika magoti yangu kama yule mkulima. Ndege ikaukabili upepo, kuelekea mashariki, ikainuka. Nilipofumbua macho, mji wote ulikuwa pale chini ya dirisha langu: maghorofa ya katikati, barabara, kisha Kapsoya, paa kwa paa, wazi kama mtu amekuwekea kwenye sinia.

Nilipofika Ruiru, Mama Njeri alinikumbatia mlangoni, mwembamba zaidi, miwani ileile. Swali lake la kwanza lilikuwa la kazi.

"Uliketi upande gani?"

"Kushoto."

Njeri, ambaye sasa ni mama wa watoto wawili, akaacha kumimina chai.

"Basi umeona," Mama Njeri akasema. "Mimi pia nilikaa hapo. Nilitazama mpaka moshi ukabaki nyuma. Nilihesabu mitaa, nikajua ule moshi ni wa kwetu. Siku ile nilipotaka kuja kwako, msichana wa kaunta akanipa karatasi ya kiti, akasema, mama, nimekupa dirishani uone kwenu. Alikuwa mzuri, alitaka kunifurahisha. Miguu ikakataa."

Miaka yote hiyo nilidhani ni watu anaowaogopa, au barabara, au mimi. Kumbe lilikuwa dirisha. Na dirisha, msikilizaji wangu, ni kitu ambacho mtu wa kaunta anaweza kukishughulikia.

Nikachukua kisahani, nikakiweka mezani kuwa uwanja wetu, kijiko kikawa ndege. "Tazama. Inatoka Nairobi, inakuja hivi. Upepo unatoka mashariki, na ndege inatua ikiukabili, kwa hiyo inapita kusini mwa uwanja kwanza, inazunguka, inatua. Mji uko upande gani?"

Alifuata kijiko kwa macho. "Kulia."

"Wote kulia. Ukiketi kushoto, utaona nini?"

"Mashamba," akasema polepole.

"Mashamba tu. Ikigeuka kutua iko chini, mji unafichwa na miti, mpaka magurudumu yaguse."

Alikichukua kile kijiko, akakizungusha tena mwenyewe, na tena. Kisha akakoroga nacho chai. Hakusema atakuja, na mimi sikuuliza.

Alikuja mahindi yalipokuwa yamekauka. Nilisimama pale wanapotokea abiria, kwa mara ya kwanza bila sare, na nilihesabu kila aliyeshuka. Alikuwa wa mwisho. Aliposhika chuma cha ngazi alisimama kidogo, upepo ukampuliza mgongoni, akashuka.

"Umeona nini?" nikamuuliza.

"Mahindi."

"Mahindi tu?"

"Mahindi tu. Na yamekauka hivyo, mnangoja nini kuvuna? Mnafugia panya?"

Tukacheka mpaka askari wa mlangoni akatutazama. Tulikunywa chai pale pale uwanjani, kwenye kibanda, na mursik niliyomletea, isiyojaa mpaka mdomoni. Nilimuuliza kama tuende mjini, hata kupita tu.

"Leo nimekuja uwanjani," akasema. "Uwanja unatosha."

Tuliketi saa nyingi. Alitaka kujua mizani ya zamani ilienda wapi. Alitembea mpaka kile chumba cha nyuma, akasimama mlangoni, akarudi. Na ndege ya jioni ilipofika, akaenda kaunta kama abiria yeyote. Wewe ndiye uliyekuwa pale. Sidhani unakumbuka, mlikuwa na watu wengi. Ulimuuliza, "Mama, dirishani ama kando?"

"Dirishani," akasema. "Kushoto."

Nilimgusa bega. "Mama Njeri, ukienda, kushoto ni upande wa..."

"Najua kushoto kuna nini, Jerono. Ni mimi nilikufundisha."

Ndege ikaondoka. Nyinyi mkafunga kompyuta, mkaenda kunywa chai, na sikuwalaumu, hakuna aliyewaambia. Mimi nilivuta kiti cha abiria, nikakiweka karibu na kaunta, nikaketi na simu mapajani. Kuna aliyeniuliza kama nimepoteza mtu. Nikamwambia bado.

Simu ikalia.

Nilisikia ile pumzi. "Wamefika," akasema.

"Umeona?"

"Nimeona. Mabati mapya kila mahali, yanang'aa na jua. Nimetafuta, nimetafuta, sikujua pale petu ni wapi." Nilisikia watu wa Nairobi wakipita nyuma yake na mizigo. "Mvua ikinyesha mtapanda lini?"

"Machi."

"Basi nitakuja Machi. Uniwekee kiti cha kulia."

Ndiyo hayo niliyotaka kukuachia. Abiria anayekuuliza ni mbali kiasi gani, muulize kwanza ni kwa nini anauliza. Ukimpa kiti, muulize anataka kukaa upande gani. Ndege ikiinuka, piga simu useme wametoka, kisha keti, na usiondoke kaunta mpaka uambiwe wamefika.